Shime Sikio si Spika: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Wengi hawana shime sikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Wengine wanacho lakini kimelala kabatini, kwa sababu aliyekiuza au aliyekinunua hakujua sauti inapimwaje. Maagizo haya ni ya wanaovaa shime sikio na ya wanaoishi nao. Yafuatwe.

Usiseme mzee amepoteza "asilimia 60". Odiogramu, yaani chati ya kipimo cha kusikia, haina asilimia. Namba zilizo ubavuni mwake ni desibeli, na desibeli huenda kwa kuzidisha: kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti huzidishwa mara 10. Mtu anayeanza kusikia kwenye desibeli 60 anahitaji nguvu mara milioni moja ya ile inayolitosha sikio zima. Ukishalielewa hilo hutamwambia tena kwamba "hajitahidi kusikiliza".

Usijumlishe desibeli kama shilingi. Jenereta mbili, kila moja ya desibeli 80, zikiunguruma pamoja hazifiki 160. Zinafika 83. Desibeli 3 za ziada ni nguvu maradufu, na sikio hulipia: taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, saa 4 kwenye 88, na robo saa tu kwenye 100.

Sogea karibu kabla ya kugusa kitufe cha sauti. Mahali pa wazi, kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti yako hupanda kwa desibeli 6. Ukitoka mita 4 ukaja mita 1, umempa msikilizaji desibeli 12 bila betri na bila gharama. Tena umempa sauti yako peke yake, kwa maana kelele za redio na za barabarani zimebaki pale pale. Kifaa hakiwezi kufanya hivyo kikamilifu. Kinapokuza maneno yako hukuza pia mengi yaliyoyazunguka. Kwa hiyo zima televisheni, mkabili mama uso kwa uso, ndipo useme.

Usifoke. Anayefoka huzikuza zaidi irabu, na irabu si tatizo. Nguvu zake nyingi ziko chini ya Hz 1,000, ambako wazee wengi bado wanasikia vizuri. Kinachopotea ni konsonanti hafifu za masafa ya juu: f, s, sh, th. Mwambie mtu wa namna hiyo "fika", "pika" au "shika", naye atapokea "-ika" na kubahatisha mengine. Ukifoka atapokea "-IKA", pamoja na aibu ya kufokewa mbele ya wajukuu. Sema polepole, tamka kila konsonanti, na ikishindikana badilisha sentensi nzima. Hii ndiyo sababu shime sikio iliyorekebishwa vizuri haikuzi masafa yote sawasawa: huongeza zaidi pale palipopungua.

Usikubali kifaa ambacho aliyekirekebisha hakupima kiwango cha sauti inayokuudhi. Hapa ndipo watu wanapoumizwa, nami naomba msomaji atulie. Sikio la ndani lina seli za nje zenye vinyweleo zipatazo 12,000, ambazo kazi yake ni kuzipa nguvu sauti hafifu. Zikifa hazioti tena. Sauti ndogo hupotea, lakini sauti kubwa hupiga vilevile kama zamani. Ndiyo maana bibi anasema "sema kwa nguvu", ukipandisha kidogo anauliza kwa nini unampigia kelele. Hana ukorofi. Anaanza kusikia kwenye desibeli 60 na anaanza kuudhika karibu na 100, basi maisha yake yote ya sauti, kuanzia mnong'ono hadi honi ya lori, yanapaswa kuingia katika nafasi ya desibeli 40.

Sasa chukua kifaa kinachoongeza 30 kwa kila kitu. Mazungumzo ya 60 yanakuwa 90, vizuri kabisa. Honi ya 100 inakuwa 130, na hayo ni maumivu na hatari. Mhandisi Mmarekani Samuel Lybarger aligundua katika miaka ya 1940 kwamba watu wengi huridhika na ongezeko lipatalo nusu ya upungufu wao, lakini hata nusu hiyo haiwezi kuwa ileile kwa mnong'ono na kwa honi. Kifaa cha kisasa huiongezea sana sauti ndogo, ya wastani kiasi, na kubwa karibu hakiiongezei kitu. Juu yake kuna kikomo kisichovukwa. Muulize fundi: kikomo cha kifaa hiki ni desibeli ngapi? Umekithibitisha kwa maikrofoni nyembamba ndani ya sikio langu, au umeamini kompyuta tu? Akikasirika, tafuta mwingine.

Usinunue kikuza sauti cha mtaani kisichoandikwa kikomo chake. Marekani iliporuhusu shime sikio ziuzwe bila cheti cha daktari mwezi Oktoba 2022, iliweka dari ya desibeli 111, au 117 kwa vifaa vinavyobana sauti kubwa vyenyewe, na ikawatenga walio chini ya miaka 18. Kikuza sauti kisichosema dari yake hakistahili kuingia sikioni mwa mzazi wako.

Kamwe usimvalishe mtoto shime sikio ya babu. Sauti ileile ikiingizwa katika tundu lenye nusu ya ujazo, hupanda kwa desibeli 6. Tundu la sikio la mtoto mchanga ni dogo hata kuliko nusu ya la mtu mzima. Kifaa kinachomtosha babu kinaweza kumaliza usikivu mdogo aliobakiza mtoto, naye hana maneno ya kukwambia. Apimwe mwenyewe, na moldi yake, yaani kipande kinachokaa ndani ya sikio, ibadilishwe kadiri sikio linavyokua.

Kifaa kikipiga filimbi, usikimbilie kupunguza sauti. Sauti iliyokuzwa inavuja na kuirudia maikrofoni, jambo lile lile linalotokea ukumbini mtu akisimama na maikrofoni mbele ya spika. Angalia kama moldi imelegea. Angalia kama sikio limeziba kwa nta; daktari aitoe, si pini wala kijiti. Ukipunguza sauti, filimbi itakoma na maneno yatakoma pia.

Usibandue karatasi ya betri kabla ya siku yake. Betri ya zinki huanza kufanya kazi inapokutana na hewa, na kuibandika tena hakuizimi. Bandua, subiri dakika moja hivi, ndipo uweke. Usiku fungua kijumba cha betri. Wakazi wa pwani waweke kifaa ndani ya kopo lenye vikaushio, kwa sababu unyevu wa Tanga na Mombasa huua maikrofoni. Mtoto akimeza betri, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Usiivae shime sikio iliyozimwa ukidhani ni kinga. Moldi nyingi zina kitundu cha kupitisha hewa, na kelele hupita humo humo. Kwenye mashine ya kusaga nafaka au karakana ya kuchomelea, ivue, ihifadhi mbali na vumbi, kisha vaa vifunika masikio vinavyofunika sikio zima. Ukitoka, irudishe sikioni.