Tahara na Sala ya Aliyepasuliwa Kifandugu Utotoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Darasa letu la toleo hili ni la fiqhi ya tahara, katika mlango ambao wengi wetu huupita haraka: mlango wa mwenye udhuru wa kudumu. Nitaueleza kupitia ugonjwa mmoja, kwa sababu aliyeupitia hukutana na maswali mawili ya dini ambayo mara nyingi huona haya kuyauliza.

Ugonjwa wenyewe

Kuna uvimbe ambao mtoto huzaliwa nao kwenye kifandugu, kile kimfupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Madaktari huuita teratoma. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 35,000 hadi 40,000, na huwapata zaidi wasichana. Ukigunduliwa mapema, mara nyingi huwa si saratani. Tiba yake ni upasuaji, na kifandugu hutolewa pamoja na uvimbe, kwa kuwa kikiachwa ni rahisi uvimbe kurudi.

Watoto wengi hupona, alhamdulillah. Lakini mahali hapo ndipo ilipo mishipa ya fahamu na misuli inayozuia haja. Uvimbe ukikua kuelekea ndani ya nyonga huibana, na upasuaji nao huweza kuijeruhi. Watoto wachanga wote huvaa nepi, kwa hiyo hitilafu huenda isionekane mpaka umri wa shule. Wapo wanaofunga choo mara kwa mara, wanaochafuka bila kujua, wanaovuja mkojo, na ambao kibofu chao hakimalizi mkojo. Wengine hawapati tatizo lolote. Baadhi hubaki na hali hiyo mpaka ukubwani, na huja nayo chuoni kama sisi tulivyokuja.

Swali la kwanza: mfupa uliotolewa

Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba mwili wa mwanadamu huliwa na ardhi isipokuwa ajbu dhanab, na kwamba kutokana nao ataundwa tena. Ajbu dhanab ni kifandugu. Mtu aliyetolewa mfupa huo anaweza kujiuliza: je, mimi nitafufuliwa vipi?

Hadithi inasema mfupa huo hauliwi na ardhi. Haikusema kwamba ni lazima ubaki umeungana na mwili. Na katika vitabu hivyo hivyo viwili mna habari ya mtu aliyewausia wanawe wamchome moto na kuyatawanya majivu yake kwa kumhofu Allah. Allah akamkusanya, akamsimamisha mbele Yake, akamsamehe. Anayekusanya majivu yaliyopeperushwa hashindwi na kimfupa kilichobaki hospitali.

Swali la pili: tahara

Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba damu yake ya ugonjwa haikatiki, na akauliza kama aache sala. Hakuruhusiwa kuacha. Alielekezwa ajisafishe, atawadhe kwa kila sala, aswali. Wanazuoni wakamlinganisha naye kila ambaye hadathi yake haimtoki, iwe ni mkojo au choo.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, utaratibu wake ni huu:

1. Angoje wakati wa sala uingie.
2. Ajisafishe, kisha avae pedi au nepi safi.
3. Atawadhe mara moja bila kukatisha, akinuia kuhalalishiwa sala.
4. Aswali bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo kwa udhuru huo kimesamehewa.
5. Kwa udhu huo ataswali faradhi moja, na sunna kadiri apendavyo.

Ikiwa ana muda unaojulikana ambao mkojo hukatika, unaotosha udhu na sala, basi aswali muda huo. Wahanafi humruhusu kuswali faradhi zaidi ya moja kwa udhu mmoja ndani ya wakati ule ule.

Tulizingatie hili: mafakihi wa Kishafii wamesema kuchelewa kwa maslahi ya sala hakudhuru, na mfano mmoja walioutaja ni kungoja jamaa. Maana yake mwenye udhuru huyu walimhesabu tangu zamani kuwa mtu wa msikitini. Sharti ni asiuchafue msikiti, na pedi nzuri inatosha kwa hilo.

Katika Ramadhani, anayesafisha utumbo kwa maji kupitia njia ya nyuma afanye hivyo usiku, kwani kwa Shafii jambo hilo hufunguza. Ama mrija wa mkojo, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ilipokutana Jeddah mwaka 1997 iliuhesabu katika mambo yasiyofunguza. Basi asiuache kwa ajili ya saumu, kwa sababu kibofu kisichomaliza mkojo huweza kuharibu figo.

Nasaha

Ewe ndugu mwenye hali hii: haya isikuzuie kumwona daktari, hata kama upasuaji ulifanyika ukiwa na siku chache tu duniani. Mwambie historia yote. Dawa za choo, mazoezi ya misuli na ratiba ya haja huwasaidia wengi.

Na sisi wengine: mtu huacha jamaa kwanza, kisha Ijumaa, mwisho sala yenyewe, na mara nyingi chanzo ni neno moja la mzaha bwenini. Tusimuulize mwenzetu kwa nini anatawadha tena. Na kamati ya msikiti wa chuo ihakikishe choo kina maji, mlango unaofungika na pipa lenye kifuniko. Mambo hayo matatu ni madogo kwetu, lakini yanaweza kumrudisha mtu kwenye safu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.