Dondoo muhimu: Kodi ndogo, nauli kubwa
Anayetafuta chumba Dar es Salaam asipime mtaa kwa kodi peke yake. Ajumlishe na nauli. Tuseme chumba cha Chanika ni nafuu kwa shilingi 40,000 kwa mwezi kuliko cha Tabata, lakini daladala ya Kariakoo, pamoja na bodaboda ya kufika kituoni, inakuongezea shilingi 2,000 kwa siku: kwa siku 26 za kazi ni 52,000, na foleni bado hujaihesabu. Utaambiwa karibu na mjini hudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kweli, ila hata pembezoni wenye nyumba wengi hudai hivyohivyo, na dalali ana chake. Mwenye kazi hukohuko, Chanika inamfaa. Wengine, kabla ya kulipa, jaribuni usafiri wa huko saa kumi na mbili asubuhi.