Hita Inadondosha? Angalia Kwanza Tone Linatoka Wapi

Wadogo zangu, baridi ya Juni ikiingia Arusha, Njombe na Mbeya, hita zilizolala miezi kadhaa zinawashwa tena. Ndipo simu zinapoanza: "Dada, hita inavuja, fundi anasema ninunue mpya." Subiri kwanza, mdogo wangu. Si kila tone ni ugonjwa.

Anza na umeme. Zima hita kwenye swichi yake, na kama sakafu imelowa, zima kabisa meni swichi. Na kama bomba la bafuni limewahi kukupiga shoti, hata kidogo tu, hita hiyo isiwashwe tena mpaka fundi umeme aikague koili na waya wa ethi. Hapo sina mjadala na mtu.

Sasa chukua kitambaa kikavu, futa hita yote na mabomba yake. Zungushia tishu kila kiungio, pale maji baridi yanapoingia na pale ya moto yanapotokea, kisha rudi baada ya saa moja. Tishu italowa hata pale ambapo jicho lisingeona kitu. Ukikuta weupe kama wa chokaa au mchirizi wa kutu, ujue pamevuja muda mrefu. Hilo ni jambo dogo: fundi bomba atafungua, aweke washa mpya na tepu, yaishe.

Kidude cha shaba kwenye bomba la maji baridi, ambacho mafundi wanakiita sefti valvu, ndicho kinachosingiziwa kuliko vyote. Maji yakipata moto hutanuka. Tangi la lita 50 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60, maji huongezeka kwa zaidi ya nusu lita, na mara nyingi ziada hiyo hutokea kwenye kitundu cha valvu hiyo. Kwa hiyo matone yanayotoka wakati hita inapasha, kisha yakakoma, ni valvu ikifanya kazi yake. Ifungie mpira mwembamba upeleke maji kwenye tundu la sakafuni, basi. Isipokoma hata maji yakiwa baridi, ama ina uchafu, ama imechoka, ama presha ya maji ya nyumba ni kubwa mno; fundi aangalie, ikibidi aweke nyingine.

Lakini isizibwe! Fundi akija na plagi ya kuiziba, mshukuru na umrudishe alikotoka. Siku thamostati ikigoma kuzima, presha itakosa pa kutokea, na tangi linaweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta.

Maji yakitoka kwenye kifuniko cha chini, pale waya zinapoingilia, usifungue mwenyewe. Zima umeme, funga koki ya maji, muite fundi. Huenda ni gasketi ya koili tu, nayo inabadilishwa. Kama ni tangi lenyewe limetoboka, usikubali lichomelewe: ndani lina utando kama wa sahani za enameli, na moto wa kuchomelea unauharibu. Hapo ndipo unanunua jipya. Ndani ya matangi mengi mna pia fimbo ya magnesiamu, anodi, inayoliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Nyie mnaotumia visima vya maji ya chumvi, Dar hasa, mwambieni fundi aiangalie kila mwaka; kwenu huisha mapema.

Kuna uvujaji usioonekana, na huu unakula Luku kimyakimya. Funga mabomba yote, kaangalie mita ya maji. Kigurudumu kidogo bado kinazunguka? Funga koki inayoingiza maji kwenye hita. Kikisimama, maji yanapotelea kwenye hita au kwenye bomba la maji moto ndani ya ukuta, na hita yako inapasha usiku kucha maji ya kulowesha tofali.

Mpangaji, piga picha, mtumie mwenye nyumba leo hii, na hadi fundi afike swichi iwe imezimwa. Fundi akimaliza, fungua bomba la maji moto mpaka maji yatoke mfululizo bila hewa, ndipo uwashe. Koili ikiwashwa kwenye tangi tupu, inaungua.