Kijana Asomee Uhandisi Upi?



Matokeo ya mtihani wa sekondari yatokapo, wazazi wa miji yetu huulizana: mwanangu amepata nafasi ya Chuo Kikuu, achukue uhandisi upi apate kazi upesi? Suala hili si dogo. Shahada ya uhandisi hapa Kenya husomwa miaka 5, na wako wauzao kiwanja cha urithi ili walipe ada. Yapasa litazamwe kwa akili, si kwa uvumi.

Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa Turkana, na pipa moja liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Kijana aliyevutwa na habari hizo akaingia kusomea uhandisi wa mafuta, alitarajia kumaliza mwaka 2017. Kabla hajamaliza, Januari 2016, pipa lilishuka chini ya dola 30, na makampuni ya mafuta ulimwenguni yakawa yapunguza watu. Shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Turkana haikuondoka bandari ya Mombasa ila Agosti 2019. Ilimu ile haikuwa mbaya. Kosa ni kupima kazi ya miaka 5 ijayo kwa bei ya leo.

Kwa hiyo mwenye shaka na ashike shina kabla ya tawi. Majenzi, mitambo na umeme ndiyo mashina. Aliyesoma mitambo aweza kutumika melini, kiwandani, kwenye winchi za bandarini, au katika hayo mafuta bei ikipanda. Aliyesomea tawi peke yake, mlango wake ni mwembamba.

Tena, kabla ya kulipa hata senti moja, ulizeni kama somo hilo, katika chuo hicho hicho, limekubaliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Kwa sheria ya mwaka 2011, mtu hana ruhusa kujiita mhandisi ila awe ameandikishwa na Bodi. Na mwenye shahada hutumika kwanza muda usiopungua miaka 3 ndipo apate daraja kamili. Wako waliohitimu wakakuta shahada zao hazitambuliwi. Jina tamu la somo katika tangazo si ushahidi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alizihesabu tiba, hesabu na kazi za mikono zisizoepukika kuwa ni fardhi za kifaya, akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fiqhi hali miji mingine haina tabibu Mwislamu. Nasi tujiulize tumesongamana wapi. Chuo cha ufundi cha Waislamu kiliasisiwa Mombasa mwaka 1948, Sultani wa Unguja na Aga Khan wakiwa miongoni mwa waliochangia. Tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Kiko mlangoni petu, nasi twaulizia vyuo vya mbali!

Na binti mwenye hesabu nzuri haki yake ni ile ile ya kaka yake.

Basi kabla fomu haijajazwa, mpelekeni kijana kwa mhandisi aliye kazini, akae naye siku mbili tatu, aone jua, grisi na michoro. Akirudi, mwulizeni yeye kwanza.