Programu na Ghala Lake: Somo la Kanzidata

Wanafunzi wengi wa siku hizi wapendao kompyuta husema wanataka kutengeneza programu za simu. Hiyo ni nia njema. Lakini ni wachache wasemao ya kuwa wanataka kujifunza kanzidata, kwa sababu programu huonekana kwa macho, na kanzidata imejificha nyuma yake. Shabaha ya somo hili ni kueleza tofauti ya kazi hizo mbili, sababu ya mafundi wake kubishana, na mfano mzuri wa jambo hili tulio nao hapa hapa mkoani Kigoma.

Kanzidata ni nini?

Kanzidata ni ghala la taarifa zilizopangwa kwa utaratibu ndani ya kompyuta, ili ziweze kutafutwa, kuongezwa na kusahihishwa bila kuvurugika. Programu ni chombo anachokitumia mtu kuweka taarifa ghalani au kuzitoa. Mwandishi wa programu hujiuliza, "Mtumiaji anataka kufanya nini leo?" Mjenzi wa kanzidata hujiuliza, "Ni mambo gani yaliyo kweli, na yataulizwaje kesho na mtu ambaye bado hatumjui?" Maswali yote mawili yana haki yake.

Hapo kwanza kila programu ilikuwa na mafaili yake, yaliyopangwa kwa namna yake. Mpangilio wa mafaili ukibadilika, programu ilikuwa haina budi kuandikwa upya. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa shauri kwamba taarifa zipangwe katika majedwali, na mwenye kuzitumia asilazimike kujua zimewekwaje ndani ya mashine. Kutokana na shauri hilo ilizaliwa lugha ya SQL, ambayo hata leo hutumika duniani kote.

Mfano wa Gombe

Hifadhi ya Gombe iko kaskazini ya mji wa Kigoma, kando ya ziwa. Jane Goodall alifika huko mwezi wa Julai mwaka 1960 kuchunguza maisha ya sokwe, naye akawapa sokwe majina, akaandika habari za kila mmoja wao. Mwezi wa Mei mwaka 1975 watu wenye silaha waliotoka Zaire walivamia kituo wakawateka watu wanne, na baadaye wanafunzi wa kigeni wakaondolewa. Hapo wasaidizi Watanzania, watu wa mwambao huu huu, ndio waliosimama imara. Waliendelea kuwafuata sokwe msituni na kuandika habari zao, nyingi kwa Kiswahili.

Katika miaka ya 1990 Anne Pusey, aliyekuwa mwanafunzi Gombe katika miaka ya 1970, alizikusanya kumbukumbu hizo katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ziingizwe katika kompyuta. Mwaka 2010 kazi hiyo ilihamia Chuo Kikuu cha Duke. Tangu wakati ule kompyuta zimebadilika mara nyingi, na programu pia, lakini kumbukumbu ni zile zile.

Tena zimejibu maswali ambayo waanzilishi hawakuyawaza. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature ya kuwa sokwe wa Gombe wenye virusi vya SIV, ambavyo ni jamaa ya virusi vya UKIMWI, walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri ule ule wasio navyo. Utaratibu wa kuandika habari za kila sokwe kwa jina lake ulianza katika miaka ya 1960, na UKIMWI ulitambuliwa na waganga mwaka 1981. Bila kujua nani amezaliwa, nani amekufa na lini, jibu lile lisingepatikana.

Sheria ziwekwe wapi?

Tuseme sisi wenyewe twataka kupanga habari kama hizo. Jedwali la kwanza litakuwa la sokwe: alama yake, jina, mwaka wa kuzaliwa, na alama ya mama yake. Flo ni mama wa Fifi, na Fifi ni mama wa Freud, aliyezaliwa mwaka 1971, na wa Frodo, aliyezaliwa mwaka 1976. Jedwali la pili litakuwa la matazamio: tarehe, saa, alama ya sokwe, mahali, na chakula anachokula. Katika jedwali la pili hatumwandiki mama tena, maana alama ya sokwe yatosha kutupeleka katika jedwali la kwanza. Kosa likionekana katika habari za mama, tutalisahihisha mahali pamoja tu.

Sasa ziko sheria. Mama sharti awe ameandikwa katika jedwali. Mtoto hawezi kuzaliwa kabla ya mama yake. Hapa ndipo ubishi unapoanza. Mwandishi wa programu atasema, "Nitaziweka sheria katika programu yangu, maana ni rahisi kuzibadili." Mjenzi wa kanzidata atajibu, "Leo programu ni moja. Kesho kutakuwa na ya simu msituni, ya kompyuta ofisini, na nyingine ya mwanafunzi ng'ambo. Moja ikisahau sheria, uongo utaingia kwa mlango huo."

Kwa maoni yangu, sheria za ukweli zikae katika kanzidata, na sheria za matumizi zikae katika programu. Lugha ya kuzungumza na mtumiaji, mpangilio wa maswali na maelezo ya kosa ni kazi ya programu. Mjenzi wa kanzidata atakayeyasukuma hayo yote ghalani naye atakuwa amekosea, kwani atamfunga mwenzake mikono.

Fikirini pia habari ya fedha. Muuza dagaa wa Kibirizi akimtumia nduguye wa Uvinza shilingi 20,000 kwa simu, kuna matendo mawili: kupunguza huku na kuongeza kule. Umeme ukikatika katikati, fedha zisipotee. Kanzidata nzuri hushika kanuni hii: yatimie yote mawili, au lisitimie hata moja.

Siku za mbele

Wako waliodhani ya kuwa majedwali yamepitwa na wakati. Mnamo mwaka 2009 yalizuka maghala ya namna mpya, yasiyodai utaratibu mkali, na waandishi wa programu waliyapenda kwa wepesi wake. Lakini MongoDB, mojawapo ya maghala hayo, iliongezewa mwaka 2018 uwezo wa kubadili nyaraka kadhaa kwa pamoja, kwa kanuni ile ile ya yote au hata moja. Haja ya ukweli haikuondoka.

Siku hizi kompyuta yenyewe yaweza kusaidia kuandika programu kwa muda mfupi. Kwa hiyo programu zitazidi kuwa rahisi kupatikana. Lakini hakuna mashine iwezayo kurudi Gombe mwaka 1975 ikatazame kile ambacho hakikuandikwa. Ninyi mtakaosomea kompyuta, jifunzeni kutengeneza programu nzuri, na jifunzeni pia kutunza ghala. Na wewe usiyependa kompyuta, ukipewa daftari la mahudhurio au la duka, andika tarehe, andika jina kamili, wala usikisie. Kazi ya kanzidata huanzia hapo.

Maswali

1. Eleza tofauti ya kazi ya mwandishi wa programu na ya mjenzi wa kanzidata.
2. Kwa nini jina la mama halirudiwi katika jedwali la matazamio?
3. Panga majedwali mawili ya maktaba ya shule, la vitabu na la waazimaji, kisha taja sheria mbili ambazo ungeziweka katika kanzidata na moja ambayo ungeiacha katika programu. Toa sababu.