SOMO: Nani anasema shida zetu?

Katika vikao vyetu na familia zilizokimbia vita huko Kasongo na Kabambare, swali moja linarudi: kwa nini msaada unafika, lakini si ule tuliouhitaji? Historia yetu inaweza kutusaidia kujibu.

Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya, na nchi zilizopigana nayo zikapungukiwa mpira na bati. Serikali ya kikoloni ya Kongo, chini ya Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, iliongeza kazi za lazima za wanavijiji kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu waliingia porini kutafuta mpira. Hapa Maniema, bati ilichimbwa upande wa Kalima.

Gavana alijuaje hali ya raia? Alikaa Léopoldville, mbali sana. Alitegemea hasa ripoti za wasimamizi wa teritware, nao waliuliza machifu. Lakini msimamizi huyo ndiye aliyedai kodi na kazi. Chifu naye alivaa medali ya serikali, na serikali iliweza kumwondoa. Kila aliyepeleka habari alikuwa na sababu ya kupunguza ubaya wake. Kilo za mpira zilipimwa. Njaa ya nyumbani haikuwa na mizani.

Mwezi wa Julai 1946, akiaga kazi, Ryckmans alikubali hadharani kwamba raia wengi walikuwa hawali wala kuvaa vizuri. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Ukweli ulisemwa, lakini kwa kuchelewa.

Tunajifunza nini? Anayeandika orodha ya shida asiwe yule tu anayefaidika na orodha hiyo. Viongozi, msikasirike wageni wakitaka kusikia akina mama, vijana, wazee na wenyeji waliopokea wakimbizi, kila kundi peke yake. Kabla orodha haijaondoka, isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa lugha yao, na wanaokataa jambo waseme. Msaada ukifika, orodha isomwe tena.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kijiji au kambi yetu, nani hajaulizwa bado?
2. Nani anaogopa kusema mbele ya chifu au ya askari, na tutamsikilizaje salama?
3. Orodha ya mwisho tuliyotoa, nani aliturudishia jibu?