Dondoo muhimu: Kabla hujapakia mzigo wako kwenye Fuso

Unashusha maharage ya Masisi au mafuta ya mawese ya Walikale kwenda Goma? Anza na karatasi. Omba namba ya RCCM, yaani daftari la biashara la mfumo wa OHADA, ambao Kongo iliingia mwaka 2012. Kampuni halali haisiti kuitoa.

Kisha dai kati roze, yaani kadi ya usajili wa gari, na usiishie kuisoma. Sogea kwenye gari lenyewe: namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Bima na cheti cha ukaguzi vitazame tarehe kwanza, muhuri baadaye. Tangu waasi wa M23 washike Masisi-centre na Goma Januari 2025, uliza pia ni ofisi gani iliyotoa karatasi na kama itakubalika huko mzigo unakokwenda.

Kwa lori la breki za upepo, mwombe dereva azime injini, akanyage breki na kuishikilia. Ukisikia upepo ukivuja, usipakie. Tairi zinazoonyesha nyuzi hazifai kwa miteremko ya njia ya Goma, sembuse wakati wa mvua. Na wakipanga abiria juu ya magunia, tafuta gari lingine, tafadhali; watu wetu wanakufa hivyo.

Dai hati ya mzigo yenye idadi ya magunia na uzito. Mzigo ukifika umeharibika waziwazi, sheria ya OHADA inataka umwandikie msafirishaji kufikia siku ya kwanza ya kazi baada ya kupokea. Uharibifu uliojificha, ndani ya siku 7.